Vizibo vya soda na daftari la madeni

Jirani zangu hapa Ngamiani wananiuliza binti yangu anasoma tuisheni wapi. Ana miaka minne na nusu, darasa la awali hajaanza, na juzi alisimama mlangoni mwa duka akasoma bango letu silabi kwa silabi mpaka likaisha: LEO PESA KESHO MKOPO. Mteja aliyekuwa amesimama pale alikuwa amekuja kukopa, akacheka, akatoa hela. Tuisheni hasomi yoyote. Anashinda dukani na mimi, basi. Duka limejaa maandishi kutoka sakafuni hadi darini, na mitaa yetu ya Tanga hii ina namba badala ya majina, kwa hiyo hata tukitoka nje kuna cha kusoma.

Kabla sijaendelea niseme la moyoni kuhusu baadhi ya chekechea za siku hizi. Mtoto wa shoga yangu, wa umri huohuo, anarudi nyumbani na ukurasa mzima wa kunakili a, a, a, na kesho yake e, e, e. Vidole havijakomaa kushika penseli. Analia, mama anamshika mkono, mwisho wa yote kazi anaiandika mama na ada anailipa mama. Ukimwuliza yule mtoto "andazi" linaanza na sauti gani, anakutazama tu. Anaijua a kama mchoro, haijui kama sauti.

Mimi nimeanzia masikioni, na hapo Kiswahili kimetupendelea. Irabu ni tano tu, neno linaandikwa linavyotamkwa, na karibu kila silabi inaishia na irabu. Mtoto akishaweza kulikata neno vipande kwa sikio lake, kuviandika hakumpi tabu sana. Kwa hiyo tunapiga makofi. Nikitoa bidhaa rafuni, yeye anaipigia: su-ka-ri, matatu, ki-be-ri-ti, manne. Siku ya mchele nilimsubiri kwa hamu. Akapiga matatu, m-che-le, bila mtu kumwambia kwamba ile m inajitegemea. Kwa "mbuzi" akapiga mawili, mbu-zi. Mwambie mtu mzima akueleze kwa nini m ya kwanza inapigiwa kofi na ya pili haipigiwi, utamwona anavyokuna kichwa.

Halafu kuna kinyume. Wa pwani mnakijua: silabi ya mwisho unaipeleka mbele. Sisi utotoni tulikitumia kuwasengenya wakubwa mbele ya macho yao. Sukari inakuwa risuka, kusoma inakuwa makuso, mtoto anakuwa tomto. Kaka yake, ambaye yuko darasa la kwanza, ndiye aliyemfundisha, jioni tukiwa uani tunachambua mchele.

"Sufuria?" kaka akamtega.

"Asufuri."

"Nazi?"

"Zina."

Hapo bibi yao akakohoa, na tangu siku hiyo nazi hatuigeuzi mbele ya wageni.

"Haya, mama?"

Akanyamaza. Nikaona midomo inacheza, anajaribu kimyakimya, anajaribu tena. Kisha akaruka kwenye mkeka. "Mama haigeuki!"

Tukaacha mchele, tukaanza kuyasaka maneno yasiyogeuka. Baba hageuki. Dada, kaka, bibi, wote hawageuki. Akatupa jicho kwenye kapu la mboga, akapata nyanya. Babu akageuka: buba. Baba mkwe wangu alikuwa kwenye kiti chake anasikiliza redio. Akapunguza sauti, akasema enzi za utoto wake watu walipangwa foleni kuchomwa sindano za ugonjwa wa jina hilo, kwa hiyo yeye aachwe kama alivyo. Yote hayo yamefanyika bila herufi hata moja, lakini kwangu lile ndilo lilikuwa somo kubwa la kusoma. Mtoto anayeweza kung'oa silabi na kuipachika pengine ameshaelewa kwamba neno lina viungo.

Herufi zilikuja na vizibo vya soda. Hapa navigombania na wazee wa drafti, maana kete zao ni hizohizo. Nikipata, navigonga kwa nyundo kidogo pembeni ili meno yake yasikate vidole, nabandika karatasi juu, naandika silabi kwa maka peni. Kama una mwingine mdogo anayetambaa au aliye chini ya miaka mitatu, viweke mbali, maana atakitia mdomoni. Nilianza na vinne tu: pa, ka, ta, ma, kila kimoja mara mbili ili aweze kurudia. Sikumfundisha neno lolote. Nilimwachia juu ya mfuko wa unga nikaendelea kupima mafuta.

Pa na ka akapata paka. Akavibadilisha, akapata kapa, neno analolisikia kwa kaka zake wakicheza karata, akafurahi kupita kiasi. Pata, kata, taka, kama. Kisha akaniita.

"Mama, hii imesema nini?"

Mbele yake: ma, ta, ka. Nikamwambia mataka, lakini neno hilo halipo.

"Lipo," akanisahihisha. "Ni taka nyingi sana."

Nikaenda kumhudumia mteja. Mtoto aliyekwisha kung'amua kwamba ma- inaongeza wingi, nimfundishe nini zaidi siku hiyo?

Daftari la madeni ni kisa kingine. Kwa muda mrefu alikuwa ananiona naandika humo, akataka la kwake. Nikampa daftari kuukuu lenye kurasa zilizobaki. Mwanzoni ilikuwa mawimbi tu, mstari baada ya mstari, lakini yakitoka kushoto kwenda kulia kama yangu, na mwisho wa kila mstari kiduara cha namba. Angekusomea yote kwa sauti ya ukali: "Huyu sabuni, hajalipa. Huyu unga, hajalipa." Watu wengi hupita hapo wakaona mtoto anachafua karatasi. Mimi naona mtu aliyeelewa maandishi ni ya nini: yanakumbuka badala yako, na yanaweza kumdai mtu.

Baadaye herufi za kweli zikaanza kujipenyeza katikati ya mawimbi, kwanza ile ya jina lake, kisha za vizibo. Mwezi uliopita likaja deni kamili: BABU SUKALI 2. Yeye husema sukali, kwa hiyo ameandika sukali, na kwa sikio lake hajakosea chochote. Sikumfutia. Niliandika langu chini yake, SUKARI KILO 2, nikamwacha alinganishe. Akatazama, akaniuliza mbona yangu ina kitu kingine pale, nikamtamkia polepole. Deni lenyewe alilipeleka kwa babu yake. "Shikamoo babu, unadaiwa." Babu akaitikia marahaba, akavaa miwani, akalisoma, akaomba apewe mpaka mwisho wa mwezi.

Vitabu tunavyo vichache. Maktaba ya mkoa ipo mjini, na kwenye simu napakua hadithi za Kiswahili za bure kutoka African Storybook, zina picha kubwa na mstari mmoja au miwili kila ukurasa. Usiku tunasoma moja kabla ya kulala, kidole changu kikipita chini ya maneno. Akitaka ileile kila siku nampa ileile. Mtu mzima ndiye anayechoka, mtoto hachoki.

Kuna jambo moja linalonipa kazi, na walimu wa darasa la kwanza nadhani wataniunga mkono. Maandishi mengi ya mtaani kwetu ni ya herufi kubwa. Bango langu, mifuko ya unga, vibao vya daladala, na zaidi ya vyote kanga. Binti yangu amejifunza nusu ya herufi zake kwenye kamba ya nguo, akisoma majina ya kanga zangu yakiwa yananing'inia, na jina la kanga huchapwa kwa herufi kubwa. Vitabu vya shule vya kaka yake ni herufi ndogo. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeelekezwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa hiyo kaka mtu analeta nyumbani kurasa na kurasa za ba be bi bo bu. Dada yake akizitazama anakataa katakata kwamba ile g ni ndugu wa G. Na ukizitazama kweli hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo vizibo sasa vina pande mbili, kubwa juu na ndogo chini, na mchezo ni kubahatisha chini kuna nini kabla ya kukipindua. Kaka yake anacheza naye, kila anayekosea anatoa punje ya karanga.

Herufi b na d bado anazigeuza, hata kaka mtu huzigeuza akichoka, na kwa sasa siziingilii. Wiki hii tuko kwenye ng', kwa sababu ameamua lazima aandike ng'ombe. Ile alama ya juu imempendeza mno. Anaitia kila mahali, kwenye jina lake, kwenye jina la babu, na jana nimekuta ameitia kwenye majina ya wadaiwa wangu wote, safari hii kwenye daftari langu mwenyewe. Nimelihamishia rafu ya juu, karibu na viberiti.