Kutoka Viota vya Gombe hadi Nyangumi wa Bahari Kuu

Mwezi uliopita, nilipomaliza kufundisha mada ya urithi kwa kidato cha nne hapa Mwandiga, mwanafunzi mmoja alibaki darasani akaniuliza: "Mwalimu, mtu wa Kigoma anaweza kusomea nyangumi, na sisi hata bahari hatujawahi kuiona?" Nilimwomba anipe siku mbili. Swali lake lilistahili jibu lenye ushahidi, na nilikumbuka kwamba ushahidi huo uko karibu nasi mno, katika hifadhi ya sokwe mtu ya Gombe, mwendo wa boti tu kutoka Kibirizi.

Mwaka 1994 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya sokwe mtu ulioongozwa na Mmarekani Phillip Morin, naye Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe mtu wa Gombe, akiwa mmoja wa waandishi wenzake. Sokwe mtu hujenga kiota kipya karibu kila jioni, na asubuhi anapoondoka huacha nywele chache katika majani aliyolalia. Zamani, mtu aliyetaka vinasaba vya mnyama wa porini kwa kawaida alihitaji damu yake, maana yake ni kumchoma dawa ya usingizi na kumhatarisha. Watafiti hawa walitumia nywele zilizodondoka, wakatoa vinasaba kutoka kwenye mashina yake na kuvinakili maabara mpaka vikatosha kusomwa. Nywele za Gombe zilionyesha kwamba madume wa jamii moja wana undugu wa karibu, jambo linaloendana na desturi yao: dume hubaki alikozaliwa, ilhali majike wengi huhama wanapokomaa.

Morin huyohuyo baadaye aligeukia nyangumi na pomboo, akafanya kazi katika kituo cha serikali ya Marekani cha sayansi ya uvuvi kilichoko La Jolla, California. Nilipomsomea mwanafunzi wangu habari hiyo aliinuka kwenye kiti. Mimi pia nilisisimka, kwa sababu nimeishi miaka yote hii jirani na Gombe bila kuwaza kwamba nywele za msitu ule zilikuwa sehemu ya njia iliyomfikisha mtu kwenye bahari kuu.

Nyangumi hana kiota. Mtafiti humkaribia kwa boti ndogo na kumrushia kwa upinde wa mtambo mshale mwepesi ambao ncha yake ina tundu. Mshale hukata kipande kidogo cha ngozi na mafuta, kisha hudunda na kuelea majini hadi uokotwe. Sampuli nyingine hutoka kwa wanyama waliokufa na kusukumwa ufukweni. Mwaka 2010 Morin na wenzake walichapisha matokeo ya sampuli 139 za nyangumi wauaji, ambao kwa nasaba ni pomboo wakubwa, wakiwa wamesoma vinasaba vyote vya mitokondria zao, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo kuisoma ni kufuata ukoo wa kikeni, kutoka mama hadi bibi na kuendelea nyuma kwa maelfu ya vizazi. Kaskazini mwa Pasifiki kuna nyangumi wauaji wanaokula samaki na wengine wanaowinda sili na pomboo. Wanaishi katika maji yaleyale, lakini koo zao zilitengana zamani sana, na mwaka 2024 kundi hilo la watafiti lilipendekeza wahesabiwe kuwa spishi mbili. Tofauti hiyo ni muhimu kwa anayewalinda, kwa kuwa kundi moja likitoweka, lingine halitajaza nafasi yake.

Nilimweleza pia kwamba siku nyingi za kazi hii hupita maabara na mbele ya kompyuta, siku chache sana baharini, na kwamba kemia na hisabati anazozikwepa ndizo zitakazombeba. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Zanzibar. Pomboo wako Kizimkazi, na katikati ya mwaka nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari baridi za kusini. (Nilipomwambia kwamba jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi aliye hai ni kiboko, ambaye watu wa Malagarasi wanamjua kwa hofu, alikataa katakata mpaka nilipomchorea mti wa nasaba ubaoni.)

Ijumaa tulitoa vinasaba vya ndizi mbivu kwa chumvi, sabuni ya maji na spiriti, ambayo ilipoozwa usiku kucha katika friza ya mama anayeuza migebuka pale sokoni. Nyuzi nyeupe zilipopanda juu ya maji, mwanafunzi yule alizizungushia kijiti taratibu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kwa muda mrefu hakusema neno.