Spika za kuzamisha ukutani jikoni, kwa sisi wa bajeti ya kawaida huku Minnesota

Kama una hela kidogo tu ya kuweka sauti ndani ya nyumba, mimi nasema iweke jikoni, sebule iache kwanza. Huku Marekani kila mtu ana chumba chake na simu yake, lakini ukianza kukaanga vitunguu tu unaona wanatokea mmoja mmoja, huyu kakaa kwenye stuli, yule kaegemea friji, na hapo ndo nyumba inakuwa nyumba. Watu wengi wakija kwetu wanauliza kuhusu zile spika mbili zilizoko ndani ya ukuta wa jikoni, ni shilingi ngapi, nani kafunga, zinaunganishwaje, kwahiyo naandika hapa mara moja kwa wote.

Kabla ya bei jiulize kwanza utasikiliza nini humo. Sisi jikoni tunasikiliza zaidi watu wakiongea. TBC Taifa, idhaa ya Kiswahili ya DW, mechi inayotangazwa na mtu anayeijua kazi yake, mawaidha, mahubiri ya Jumapili, bibi wa Korogwe kwenye simu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya nyumbani Tanzania, hapa Minnesota inatukuta saa sita mchana wakati wa joto, na saa tano asubuhi wakati wa baridi wakisharudisha saa nyuma, manake wikiendi inaangukia kabisa muda wa kupika. Muziki upo, dansi la zamani na taarabu havikosi, ila unapiga chini chini wakati mikono iko kwenye unga. Sa mtu wa matumizi kama hayo anapoingia dukani akaanza kuulizia wati na sabufa naona anatupa hela, kwa sababu adui wa jikoni ni makelele ya jikoni kwenyewe: mafuta yanachacharika, bomba linamwaga, feni ya kunyonya moshi inavuma, na makelele hayo yana sauti nyingi nyembamba ambazo zinameza herufi kama s, f, sh na t. Unasikia mtu anaongea lakini hupati anasema nini. Ukiongeza besi hapo unazidisha tatizo. Unachohitaji ni spika iliyo safi sehemu ya sauti ya mtu, na iliyokaa karibu na masikio yako.

Kuhusu wati, angalia namba moja tu wanayoandika kwenye boksi, ile inayosema spika inatoa desibeli ngapi, yani ukubwa wa sauti, ukiipa wati moja ukiwa umesimama mita moja. Spika nyingi za ukutani zinacheza kwenye 87 mpaka 90. Mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama desibeli 60, kwahiyo jikoni hata wati moja nzima humalizi. Amplifaya ndogo ya wati 20 au 30 kila upande inatosha na kubaki, na spika iliyoandikwa inabeba wati 200 haikupi chochote cha ziada kwenye chumba cha futi 12 kwa 14. Tena ukipata spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 hapo ni sawa na umeongeza wati mara mbili, bure.

Ukuta sasa, na hapa ndo inabidi tukae kidogo, kwa sababu sisi tumekulia kwenye nyumba za tofali na ukuta kwetu ni ukuta kweli. Nyumba nyingi za huku ukuta wa ndani una uwazi, wamesimamisha mbao kila baada ya inchi 16 kuanzia katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, afu wamegongelea jipsamu bodi ya nusu inchi huku na huku. Ile mbao wanayoiita mbili kwa nne ukiipima ni inchi 1.5 kwa 3.5, kwahiyo kati ya mbao na mbao unabaki na upana wa inchi 14.5, na kina ni 3.5 ukijumlisha na bodi unapata 4. Hizo namba mbili ndo zinachagua spika kabla yako! Soma kwenye maelezo kina cha kuzamia, kikizidi inchi 4 achana nayo hata iwe na punguzo gani, na hata ikiwa inchi 4 kamili mimi nisingeichukua, acha nafasi ya waya kupinda.

Afu sio kila ukuta unakatwa. Ukuta wa nje usiuguse, humo kuna sufi ya kuzuia baridi na nailoni ya kuzuia mvuke, ukitoboa hapo Januari ya huku itakuingilia kwenye hilo tundu na unyevu utaganda ndani ya ukuta wako. Kama unakaa kwenye nyumba zilizoungana, ule ukuta unaokutenganisha na jirani umejengwa kuzuia moto usivuke, huo nao marufuku, na ule unaopakana na gereji vilevile. Ukuta wa sinki una mabomba ya maji na paipu ya hewa. Juu ya jiko ni moto, mvuke na mafuta. Ukishaondoa zote hizo jikoni nyingi zinabaki na ukuta mmoja au miwili, mara nyingi ule wa upande wa meza ya kulia, na ndo mzuri wenyewe. Angalia pia kuna nini nyuma yake, manake ukuta mtupu ni ngoma, sauti inatoka na upande wa pili, kama ni chumba cha mtoto mchanga utajuta kila asubuhi, kama ni kabati la makoti hakuna shida. Kujaza sufi nyuma ya spika kunasaidia pande zote, mlio unakauka kidogo na sauti ya mtu inasafika, na sufi ni bei rahisi kuliko kitu chochote kwenye kazi hii.

Nyumba za zamani za Minneapolis na St. Paul, zile za miaka ya 1920, ukuta wake sio jipsamu, ni vipande vya mbao vimepigwa plasta ngumu juu yake, ukikata kwa pupa plasta inapasuka mpaka kwenye dari. Na nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 rangi yake inaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu, na ukikata unarusha vumbi lake jikoni wanakokula watoto. Pima kwanza. Hapa sibanii maneno, kama una watoto wadogo na hujapima, usikate.

Kwenye spika yenyewe, kwa jikoni nataka vitu vichache tu. Ile kubwa, wufa, iwe ya inchi 6.5 au hata 5.25, na iwe ya plastiki, karatasi inakunywa mvuke. Ukingo unaozunguka wufa uwe wa mpira, ule wa sponji unaoza. Twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, iwe inageuka kwa kidole, kwa sababu jikoni huchagui pa kuweka, unaweka panapobaki kati ya makabati, ukigeuza twita ikakutazama pale unapokatia mboga tofauti unaisikia hapohapo. Wavu wa mbele uwe wa alumini, haushiki kutu, unaoshwa mafuta na unapakwa rangi ya ukuta. Sisi tulichukua za kampuni ya Polk, modeli ya RC65i, ni za inchi 6.5, twita inageuka, na wenyewe wanaziuza kama zinazofaa sehemu zenye unyevu. Monoprice nao wana za bei ya chini zaidi ambazo kwa redio na mazungumzo zinatosha kabisa. Kwa kumsikiliza mtangazaji sioni sababu ya kulipa mara tatu ya hapo.

Kuna swali la stirio ambalo watu hawaliulizi. Jikoni unatembea, mara uko kwenye sinki mara kwenye friji, na rekodi nyingine za rumba gitaa moja limewekwa kulia na lingine kushoto, kwahiyo ukisimama karibu na spika moja unakosa nusu ya wimbo, lile gitaa linalojibu hulisikii kabisa na ndo utamu wenyewe ulipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, Android na iPhone zote zina sehemu ya kuchagua sauti ya mono, ukiwasha hiyo kila spika inatoa kila kitu. Ni bure na inabadilisha kila kitu.

Waya usichukue wowote. Wa kupita ndani ya ukuta uwe umeandikwa CL2 au CL3 kwenye ganda lake, hiyo inamaanisha ganda limepimwa moto, na wenzetu wa Kanada watafute ulioandikwa FT4. Unene wa geji 16 unatosha kwa umbali wa jikoni. Chukua shaba tupu, kuna ile ya alumini iliyopakwa shaba inauzwa rahisi, sio nzuri. Ukipitisha usiulaze sambamba na waya wa umeme, uache futi moja kati yao, na kama lazima vikutane vipishane msalaba, la sivyo utasikia mvumo. Zima breka kabla ya kukata, kata tundu dogo kwanza uingize mkono na tochi uangalie ndani, afu ndo ufuate ile karatasi ya kuchorea iliyomo kwenye boksi. Spika zenyewe zinajishika, ukikaza skrubu za mbele kuna masikio yanafunguka nyuma na kubana bodi. Usikaze kwa nguvu, jipsamu inavunjika.

Amplifaya ndogo ya Bluetooth, au yenye waifai ukiwa na nafasi kidogo, inakaa ndani ya kabati lenye soketi na penye kupumua hewa. Waya wake wa umeme usiupitishe ndani ya ukuta, hairuhusiwi na ni hatari ya moto. Ukija kutaka spika nyingine mbili baadaye soma kwanza amplifaya inavumilia omu ngapi, yani ukinzani wa spika, ukishuka sana amplifaya inazidiwa, spika mbili za omu 8 zikiungwa pamoja sambamba zinakuwa 4.

Hesabu yetu yote tulitaka isizidi dola 300, na haikuzidi: spika ndo zilichukua kama nusu, amplifaya chini ya mia, inayobaki waya, sufi na msumeno mdogo wa jipsamu. Kumbuka spika ukishazifunga ukutani ni sehemu ya nyumba, ukiuza zinabaki na aliyenunua, sababu nyingine ya kutoweka za gharama. Na kama umepanga, ndugu yangu, usikate ukuta wa mwenye nyumba kabisa, dipoziti yako itaondoka. Nunua spika mbili ndogo za rafu uziweke juu ya makabati ziangalie chini kidogo, na amplifaya ileile, ukihama unahama nazo.

Wale wanaojenga nyumbani huku wakiwa ughaibuni, na najua ni wengi, msipeleke spika za ukutani kwenye nyumba ya tofali, hakuna pa kuzizamisha bila kumpa fundi kazi ya kuchimba. Peleka za dari, zile za duara, kwa sababu dari za jipsamu sasa hivi ziko kila mahali, zinakatika kirahisi na juu yake pana uwazi mkubwa. Ila waya wa kushuka mpaka kwenye amplifaya unapita ukutani, kwahiyo mpigie fundi umeme wako mapema, mwambie achimbie paipu tupu kutoka darini mpaka pale kabati la jikoni litakapokuwa, mbali na paipu za umeme, kabla hawajapiga lipu.