Nilivyowafundisha watoto wa awali kusuka karatasi mpaka tukapata maua

Nafundisha darasa la awali hapa Moshi, watoto wa miaka mitano na sita. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja mijakaranda ilikuwa imechanua barabarani, kila asubuhi watoto wanaingia darasani wameshika maua ya zambarau waliyookota njiani, mengine yameshapondeka mkononi. Nikasema basi, badala ya kuchora na kupaka rangi kama siku zote, safari hii tusuke karatasi kama mkeka halafu kwenye huo mkeka tukate maua.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Nilikata vipande vya sentimita moja nikidhani ndo vitapendeza, kumbe vidole vya mtoto wa miaka mitano haviwezi, karatasi zinachanika, huyu kapitisha juu juu juu mpaka mwisho, yule anaita "madam langu limetoka", na mimi nazunguka huku na huku nasema juu, chini, juu, chini. Kipindi kikaisha hakuna hata mkeka mmoja.

Jioni nikapita kwa bibi jirani yangu, ametokea Pangani na mpaka leo anasuka ukili wa mikeka. Nikamwamkia, nikamtolea zile karatasi. Akazigeuzageuza akaniambia, "Mwanangu, mtoto mpe pana. Na akipitisha mmoja aubane kwanza, ndo ashike mwingine." Hayo tu, akarudi kwenye ukindu wake.

Kesho yake nikabadilisha kila kitu. Nachukua manila ya njano saizi ya A4, naikunja katikati ili mkunjo uwe ule upande wa sentimita 21, halafu nakata kuanzia kwenye mkunjo kila baada ya sentimita 3, ila sifiki ukingoni, naacha sentimita 2 ndo zinashikilia. Ukiifungua una vipande 7 vya kusimama. Vya kulala nakata karatasi nyepesi, sentimita 3 kwa 21, vinaingia 8, na hapa ndo penyewe: 4 zambarau na 4 nyeupe. Nikawaambia zambarau inaanza kwa kupanda juu, nyeupe inaanza kwa kuzama chini, na mbili za rangi moja hazifuatani. Wakashika hapo hapo. Mtoto hahitaji tena kukumbuka mstari uliopita ulianzaje, rangi yenyewe inamwambia.

Na kwa sababu vya kusimama ni 7, ukianza juu lazima umalize juu, ukianza chini unamaliza chini. Kwa hiyo wakawa wanajikagua wenyewe, "madam mimi nimeanza juu nimemaliza chini, nimeruka", anachomoa anarudia, mimi sijasema kitu. Nilifurahi sana kuona hivyo.

Kukata maua ndo kulinitoa jasho. Nilichora ua kwenye mkeka wa mtoto mmoja wa kike nikakata, nilivyoliinua tu likafumuka lote, vipande vikamwagika mezani, na yeye akaanza kulia, kazi yake ya siku mbili. Nikamwomba msamaha, tukakaa pamoja tukasuka mwingine. Nilichojifunza ni kwamba mkeka lazima ubandikwe kwanza. Ugeuze, upake gundi nyuma nyembamba sana, bandika karatasi nzima, lalia vitabu mpaka kesho yake, ndo ukate. Gundi ya unga wa ngano nilijaribu ila inalowanisha karatasi inajikunja, ile nyeupe ya dukani ni bora zaidi. Kiolezo nilikata kwenye boksi, petali tano nene, mkeka mmoja unatoa maua mawili, katikati unaweka kiduara cha njano, shina la manila ya kijani, basi.

Kuna mzazi mmoja, baba, alinisimamisha getini kwamba mwanae anaenda shule kusoma au kukata makaratasi. Nilimwelewa, ada inauma. Nikamwambia Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, naye alikuwa anawapa watoto karatasi wasuke, maana hapo kuna kuhesabu, kuna mpangilio, na kuna vidole vinavyojiandaa kushika penseli. Halafu nikamwita mwanae aje amwonyeshe. Yule mtoto akahesabu vipande 7 mbele ya baba yake, akaanza kumfundisha zambarau inapanda nyeupe inazama, na baba akachuchumaa pale pale getini akapitisha mstari wa kwanza.

Maua tukayatundika dirishani kwa uzi. Jumatatu iliyofuata mtoto mmoja akaja na kimkeka alichosuka nyumbani kwa majani makavu ya mgomba, amekasirika kweli. Anasema ameanza juu amemaliza chini na hajaruka, amechomoa mara tatu inarudi vile vile. Nikapitisha kidole mstari mzima, kweli hajaruka. Nikamwambia hebu tuhesabu vya kusimama. Moja, mbili, mpaka sita. Akaniangalia, akahesabu tena mwenyewe, halafu akaomba mkasi, akapasua jani moja katikati ili vifike saba.