Msikate pembezoni

Nikisema hapa Nebraska, Marekani, kwamba nilisomea upimaji wa ardhi Dar es Salaam, naulizwa swali lilelile: ile njia ya Oregon, waliyopita wahamiaji wa karne ya 19 kwa magari ya maksai kuelekea magharibi, ilipita shambani kwangu au kwa jirani? Siku hizi Jumamosi zangu naenda kukisaidia chama kidogo cha historia kupiga skani ramani kuukuu, ziwekwe mtandaoni watu wazipakue bure.

Inayoulizwa zaidi ni ya Charles Preuss, Mjerumani aliyechora ramani za safari za Frémont, mpelelezi wa nchi za magharibi. Ilichapwa Baltimore mwaka 1846 kwa amri ya Seneti, vipande 7, kuanzia mto Kansas unapoingia mto Missouri hadi mto Walla Walla unapoingia mto Columbia. Nzuri mno. Lakini tupige hesabu. Inchi moja ya karatasi ni maili 10. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, kila nukta imemeza mita 54 za ardhi. Kwa 600, mita 27. Na mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita tu umefunika zaidi ya mita 300. Halafu mtu anaipakia kwenye simu, anawasha GPS, anakuja kunilalamikia eti njia imepita juu ya paa la duka!

Wa hivyo nampa ramani za ofisi ya ardhi ya serikali, za miaka ya 1850 na kuendelea. Hizo inchi mbili ni maili moja. Wapimaji waliburuta mnyororo wa futi 66, wakaigawa miraba ya maili moja moja nchi ambayo Wapawnee, wenyeji wake wa asili, walikuwa wakiiachia kwa mikataba. (Mpimaji ukitafakari hilo, unanyamaza kidogo.) Mstari ulipokutana na njia ya magari ya maksai, waliandika umbali kwenye daftari. Basi mimi naiamini njia pale inapokata mstari. Katikati ya mraba ni mkono wa mchoraji. Kuzishikiza kwenye QGIS, yaani kuzilinganisha na ramani ya leo kwa programu ya kompyuta, ni rahisi, maana barabara nyingi za vijijini bado zinafuata mistari ileile. Ya Preuss inanitoa jasho: utaishikiza wapi, wakati mto Platte wenyewe umehamahama?

Ugomvi wangu na wenzangu ni pembezoni. Wanataka zikatwe ili picha iwe safi. Jamani, Preuss kajaza humo habari za hali ya hewa, kuni, nyasi, maji na wanyama wa kuwinda! Mwenye maksai mwaka 1846 alihitaji hayo kuliko mita zangu 54. Tena Maktaba ya Bunge kule Washington imeshaweka nakala yake mtandaoni. Kilichobaki cha kwetu peke yetu ni maandishi ya penseli ya mtu aliyeimiliki zamani, nayo yako wapi? Pembezoni.

Tumekubaliana faili kubwa la picha, la TIFF, libaki na karatasi nzima, madoa na yote. Maneno nayachapa mwenyewe, kwani programu ya kusoma maandishi inaivuruga penseli vibaya sana.