Boksi, foili na sentimita sita: waifai ilivyofika uani

Hapa Mwanga, Kigoma, ruta yangu iko sebuleni, na vyumba vya uani viko nyuma ya kuta mbili za matofali ya kuchoma. Simu ilikuwa ikisoma -80 dBm kule (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri ndiyo nzuri): inashika, inaachia. Kiakisi cha foili, yaani kioo cha kurudisha mawimbi ya antena kuelekea uani, kimeifikisha -72.

Wengi huhangaika kukunja bakuli. Mimi naona kona ya nyuzi 90 inatosha, na boksi lolote tayari linayo. Kata pande mbili zilizoungana, kila moja sm 25 kwa 25. Paka gundi ya mbao ndani, bandika foili ya jikoni, ipite kwenye mkunjo bila kukatika. Makunyanzi hayana neno. Wimbi la 2.4 GHz, moja ya masafa mawili ya kawaida ya waifai, lina urefu wa sm 12 na ushei, milimita mbili hazilisumbui. Pima kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja hadi ukingo wa nje wa upande wa pili: ikitoka sm 35, kona imekaa sawa. Funga kipande cha boksi hapo juu kiishikilie, maana mvua zikianza boksi hulegea na kona hufunguka.

Kazi yenyewe ni umbali. Antena isimame wima sambamba na mkunjo, sm 6 kutoka kwenye kona, yaani nusu ya wimbi. Kutoka kila upande wa foili iwe sm 4 na kidogo. Hapo mawimbi yanayorudi yanajumlishana na yale yanayokwenda moja kwa moja. Ukiipeleka sm 12, mbele kabisa yanafutana. Ndiyo maana kiakisi hikihiki huiua 5 GHz, yale masafa mengine ya waifai: wimbi lake ni sm 5 na nusu hivi, kwa hiyo sm 6 ni karibu wimbi zima. Uani tumia 2.4 tu, hata kuta inazipenya vizuri zaidi.

Ruta ikiwa na antena mbili, kiakisi weka kwenye moja, nyingine ihudumie sebule. Foili isiguse antena wala kuziba matundu ya hewa. Ruta isiyo na antena za nje haifai kwa kipimo hiki, kwani hujui antena imelala wapi ndani.

Faida ni ya pande zote: ruta nayo huisikia simu vizuri zaidi, na simu ndiyo yenye sauti ndogo.

Unapojaribu, simu ilaze mezani, usiishike. Namba hurukaruka, subiri zitulie, ndipo usogeze kiakisi nusu sentimita.