Kumbe mfuko umeandikwa!

Jamani, nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado ina chaki.

Nafundisha darasa la pili, watoto 87 chumba kimoja. Kuna mmoja wa dawati la nyuma, huyo alinizunguka miezi miwili mizima. Ukimpa kitabu anasoma bila kukwama, sauti kama mtangazaji wa redio. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja.

Kimya.

Alikuwa ameukariri ukurasa kwa kuwasikiliza wenzake.

Tukarudi mwanzo kabisa. Sauti za herufi, si majina yake, kama mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) wa 2015 ulivyotaka. (Sisi enzi zetu tulikaririshwa "a, be, che" tukaishia kuimba tu.) Hesabu wala hanisumbui, mpe vizibo vya soda uone anavyojumlisha.

Sasa leo. Kengele ya mapumziko imelia, wenzake wametoka mbio, yeye kabaki. Mfuko wake wa madaftari ni kiroba cha zamani kilichoshonewa mikanda. Kidole kinatembea taratibu juu ya maandishi yaliyofifia.

U... u... nga.

Akarudia. Akaniangalia.

"Mwalimu, kumbe mfuko wangu umeandikwa unga!"

Ameubeba mgongoni tangu Januari.

Chai yangu imepoa mezani, sijaigusa.

Walimu wenzangu, hiyo "ng" mnaifundishaje? Maana "ng'ombe" bado inatutoa jasho. Na wazazi, mtoto wako alisoma neno gani la kwanza mwenyewe?