Rungu la Kasisi

Jana umeme ulikatika, nikaitoa kabatini ile chemli ya Bibi. Utambi uliposhika tu, harufu ya mafuta ya taa ikanirudisha Moshi, kule Rau, sebuleni, tuko wanne kwenye mkeka na kitabu kile.

Alikileta kaka, yule wa Marekani. Dungeons & Dragons, toleo la 1978, jalada limejaa selotepu. Ni mchezo: mmoja anasimulia, wengine mnajifanya shujaa, mwizi, mchawi, na dadu ndiyo inaamua. Kasisi hakuna aliyemtaka, nikabebeshwa mimi niliyekuwa mdogo. Kwa kitabu kile, kasisi haruhusiwi upanga: silaha ya kumwaga damu ni mwiko kwake, anabaki na rungu au nyundo. (Ukimpasua mtu kichwa kwa rungu hutoka nini, soda?) Na uwezo wa kuponya si wake, anauomba kwa mungu wake.

Ikafika usiku ule. Mwenzetu yuko chini, zimwi linamjia, rungu langu limevunjika.

"Nachukua upanga wake," nikasema.

Kaka akanitazama juu ya chemli. "Una uhakika?"

Nikarusha dadu, ile ya pande 20 ambayo namba zake tulizijaza kalamu ya nta zisomeke. Ikabingirika, ikatoka mkekani, ikagota kwenye ungo wa Bibi aliyekuwa akichagua maharage. Ishirini! Tulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Zimwi limekufa," kaka akasema, polepole. "Na kesho ukimwomba mungu wako, hakusikii."

Nikalia. Miaka 14, nalilia kasisi wa karatasi.

Bibi akaiokota dadu, akaifuta kwa kanga. "Sasa huyo anatubuje?"

Kaka akapekua. Inabidi aombewe na kasisi mwenzake aliyefika ngazi ya 9. Mimi nilikuwa ya 2.

"Ya tisa? Hata mchungaji wetu sijui kama amefika." Akarudi kwenye maharage yake, akatupa kijiwe. "Na huyu mwenye Jumamosi tatu haonekani kipaimara, ataombewa na nani?"

Kumbe alijua. Kaka akafunga kitabu taratibu, kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine.

Jumamosi nilikwenda. Kama nilimwogopa Mungu au Bibi, mpaka leo sijui. Dadu alinirudishia Jumapili kanisani, ndani ya bahasha ya sadaka.